SOMO: Maneno ya Kiingereza yenye PRE-, namna ya kuyafungua bila kukariri

Wadau salama? Leo tudili na pre-, kile kiambishi awali chenye maana ya kabla, au mbele. Naona watu wanarushiana orodha ndefu za maneno ati yakaririwe, mi kwangu huko ni kujichosha tu, kwa sababu ukishajua kukibandua hicho kiambishi maneno mengi yanajifungua yenyewe.

HATUA YA 1: Bandua pre- uangalie kilichobaki

Kikibaki neno zima unalolijua, umemaliza. Paid ni iliyolipwa, basi prepaid ni iliyolipwa kabla, kama umeme wa LUKU, unanunua kwanza ndo unawasha taa. Preheat utaiona kwenye mapishi ya keki, kwamba oveni ipate moto kabla hujaingiza kitu. Na mashuleni tunazo kibao: pre-form one ni yale masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, pre-mock ni mtihani unaoitangulia mock. Hata wa mpira mnayo, pre-season, timu zikienda kambini ligi bado haijaanza. Pre- ya namna hii iko hai kabisa, unaweza kuunda neno leo hii na mtu akakuelewa, si mnakumbuka watu walivyoanza kusema pre-Covid, nani alisubiri kamusi?

Ila kuna mtego. Preserve ukiibandua inabaki serve, lakini preserve sio kuhudumia kabla, ni kuhifadhi kitu kisiharibike. Kwahiyo angalia na maana, sio herufi tu.

HATUA YA 2: Kikibaki kipande kisichoeleweka, hicho ni Kilatini

Hapa ndo patamu. Pre- yenyewe ni prae ya Kilatini, na maneno mengi yalikuja Kiingereza yakiwa yameshaungwa hukohuko. Predict: dict ni kusema, ileile ya dictionary na dictate, basi ni kusema kabla, yaani kutabiri. Prescribe: scribe ni kuandika, daktari anaandika kabla hujapewa dawa. Preside ni kukaa mbele, na president alianzia hapo, mtu aliyekaa mbele ya kikao. Prejudice ni hukumu iliyokatwa kabla kesi haijasikilizwa. Precocious wanaitwa watoto waliowahi kupevuka akili, na Kilatini chake ni kuiva kabla ya wakati, hawa Warumi kitenzi chao kilikuwa cha chakula na cha matunda pia, kama kuiva kwetu.

Inayosumbua wengi ni prevent. Vent hapo inatokana na kuja, sasa kuja kabla imekuwaje ikawa kuzuia? Zamani prevent ilikuwa na maana ya kutangulia tu. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, Zaburi 119:147 inasema I prevented the dawning of the morning, na mzaburi hakulizuia jua lisichomoze jamani, aliamka kabla yake akaomba. Halafu maana ikahama taratibu, maana ukimuwahi mtu mlangoni ushamzuia kupita.

HATUA YA 3: Matamshi

Ile iliyo hai inavutwa, prii: priihiit, priipeid. Ile ya Kilatini mara nyingi inafupika na mkazo unaruka mbele, pri-DIKT, pri-VENT. Lakini mkazo ukikaa mwanzoni inakuwa pre kama tunavyoisoma sisi, na hapa preface inaangusha watu wengi sana, wanasema prifeisi. Ni PRE-fis.

HATUA YA 4: Kistari

Waingereza wanaandika pre-school, Wamarekani preschool, chagua upande mmoja ubaki nao. Ikifuatwa na herufi kubwa au tarakimu weka kistari bila kubishana: pre-Islamic, pre-1961.

HATUA YA 5: Za kufanana tu

Pressure haihusiki, mzizi wake ni press, kukandamiza. Precious ni ndugu wa price. Pretty ni Kiingereza cha kale, haina uhusiano wowote na kabla. Cha kushangaza preach, ambayo huwezi kuidhania, yenyewe imo, asili yake ni kutangaza mbele ya watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ticha, mke wangu kliniki wameandika antenatal ila app ya simu inasema prenatal. Ipi sahihi?
Jibu: Zote, kaka. Ante nayo ni kabla kwa Kilatini, ndo ile a ya a.m., ante meridiem, kabla ya adhuhuri. Uingereza wamezoea antenatal na sisi tukarithi, Marekani ni prenatal. Ila usiichanganye na anti- ya kupinga, ile ya antibiotic.

Swali: Niko Muscat, supavaiza wetu Mhindi katuma meseji the meeting is preponed. Nimecheka, au nimekosea kucheka?
Jibu: Umekosea kidogo hahaha. Kiingereza cha India wanalitumia kweli, kinyume cha postpone, kikao kimerudishwa nyuma kifanyike mapema zaidi. Kwahiyo wahi kikao! Ukimwandikia Mwingereza weka brought forward.

Swali: Dada, pre-eclampsia ndo kifafa cha mimba?
Jibu: Eclampsia ndo kifafa chenyewe. Pre-eclampsia ni hali inayotangulia, presha inapanda, kwa kawaida mimba ikishapita wiki 20, na mara nyingi mkojo unakutwa na protini. Lakini hapa pre- isikufanye ukasema bado bado, hiyo nayo ni hatari peke yake, na sio kila anayeipata anafikia kifafa. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au uso ukivimba, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Prescribe na proscribe ni spelling mbili za neno moja?
Jibu: Hapana! Ni karibu kinyume. Kitu kikiwa proscribed kimepigwa marufuku. Dawa ikiwa prescribed unaimeza, ikiwa proscribed hata dukani haitakiwi kuonekana.

Swali: Na pre-planned? Kupanga si kabla tayari?
Jibu: Ndo maana wahariri wengi wanaikata. Andika planned, inatosha.