Pancha barabarani: tafuta mwiba kwanza, tyubu baadaye

Kubadilisha tyubu ya baiskeli ya mbio ni kazi ya dakika 10 kwa mwenye mazoea, 20 kwa anayejifunza. Kinachoharibu safari ni pancha ya pili, ile inayokungoja kilomita 3 mbele kwa sababu tyubu mpya imelazwa juu ya mwiba uleule. Kwa waendeshaji wa Nairobi miiba haiishi: upande wa Magadi ni ya migunga, inayosukumwa na upepo na magari hadi ukingoni mwa lami, upande wa Limuru na Tigoni ni ya uzio wa kayaba, hasa siku watu wamepogoa na matawi bado yako njiani. Ongeza nyaya nyembamba kama unywele zinazomwagwa na matairi ya malori yaliyopasuka. Hizo ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hazionekani.

Cha kubeba

Beba tyubu 2. Ukishapita Kona Baridi kuelekea Magadi, mafundi ni wachache na jua halina mchezo, na tyubu 1 ni kamari.

Saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi: 700x25 au 700x28, na karibu yake namba kama 25-622. Hiyo 622 ni kipimo cha rimu kwa milimita, na ndiyo ya kuangalia. Zile baiskeli kubwa za mizigo, Black Mamba, hutumia tairi la 28 x 1½ ambalo kipimo chake ni 635. Muuzaji wa sokoni atakupa "28" kwa nia njema kabisa, na halitakaa kwenye rimu yako hata mkivutana nalo hadi jioni.

Vali nayo ina mambo yake. Rimu nyingi za mbio zina tundu la milimita 6.5 linalopitisha vali nyembamba ya Presta tu. Vali nene ya pikipiki, au ile ya Black Mamba, haipiti. Fundi akitaka kupanua tundu kwa drili, mshukuru na ukatae: rimu nyembamba haina chuma cha kutoa sadaka. Badala yake weka mfukoni adapta ndogo ya shaba inayofungwa juu ya Presta, ili kompresa ya kituo cha mafuta au ya fundi wa bodaboda iweze kukujazia hewa.

Vingine: vijiti 2 vya plastiki vya kutolea tairi, viraka, msasa, gundi, pampu, na kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 3 kwa 5. Gundi iangalie kabla ya kutoka. Ikishafunguliwa hukauka yenyewe ndani ya kichupa, na utagundua hivyo ukiwa mahali pabaya.

Kusimama

Ukisikia gurudumu linalegea, inua mkono na upaze sauti: "Pancha!" Usikanyage breki ghafla, walio nyuma yako wako karibu kuliko unavyodhani. Kama ni tairi la mbele, tumia breki ya nyuma. Kama ni la nyuma, tumia ya mbele taratibu. Yaani funga breki ya gurudumu lenye hewa, usikate kona, ushuke na ukae mbali na lami. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu usisimame katika kona hata kidogo, tembea hadi mahali lori linaweza kukuona kutoka mbali. Kikundi nacho kipite kikasimame mbele pamoja. Watu 12 kuzunguka gurudumu 1 hawasaidii.

Kutoa

Gurudumu la nyuma: kabla hujashuka, peleka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, litatoka na kurudi bila ugomvi. Breki za rimu zina kishikizo cha kulegeza, kifungue. Kama baiskeli ina breki za diski, gurudumu likishatoka usiguse mkono wa breki. Ukiubana, pedi zinaweza kukutana na diski isiingie tena mpaka uzitenganishe kwa kitu bapa.

Toa hewa iliyobaki. Zungusha vidole gumba pande zote ukisukuma kingo za tairi ziingie kwenye bonde la katikati ya rimu. Hatua hii ndogo ndiyo inayofanya tairi gumu kuwa jepesi. Kisha ingiza kijiti upande ulio mkabala na vali, utoe upande 1 wa tairi tu. Mwingine uache ulipo.

Kusoma tyubu

Kabla ya kuivuta tyubu, kumbuka ilivyokaa. Wenye uzoefu hufunga tairi nembo yake ikiwa sawasawa na vali, ili baadaye wajue tundu la tyubu linalingana na sehemu gani ya tairi. Kama yako haikufungwa hivyo, tia alama ya kalamu au tone la gundi kwenye tairi palipo na vali.

Jaza tyubu hewa hadi inenepe mara 2, ipitishe karibu na mdomo na shavu. Ngozi hupata upepo mdogo ambao sikio halisikii. Tundu likipatikana, litakueleza lenyewe. Tundu 1 upande wa nje ni mwiba, kioo au waya. Matundu 2 yaliyokaa sambamba ni tyubu iliyobanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo au tuta, maana yake hewa ilikuwa kidogo. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, ni utepe wa rimu uliosogea na kuacha kichwa cha spoku wazi. Urudishe mahali pake, la sivyo utabadilisha tyubu siku nzima. Mpasuko kwenye shina la vali ni pampu iliyokuwa ikiyumbishwa, na hapo kiraka hakishiki.

Sasa pima kutoka kwenye vali hadi tundu, nenda umbali huohuo kwenye tairi, pande zote 2 kama hukumbuki mwelekeo. Tazama nje kwanza, kisha pitisha ncha za vidole ndani polepole. Polepole, kwa sababu kioo hakijui kuwa wewe ni rafiki. Usipopata kitu, pitisha pamba au kitambaa chepesi: waya utakinasa nyuzi zake. Waya huutoa vizuri kwa kusukuma kutoka ndani na kuushika kwa kucha au kibanio upande wa nje. Endelea mzunguko mzima hata ukishapata mwiba 1, maana kwenye miiba ya migunga mara nyingi kuna mwenzake.

Kama tairi limechanika kiasi cha tyubu kuchungulia, laza kile kipande cha tairi kuukuu ndani. Pakiti ya maziwa iliyokunjwa mara 2 nayo itakufikisha nyumbani, ila usiipe hewa kamili.

Kurudisha

Tia tyubu mpya hewa kidogo, ipate tu umbo la duara. Tyubu bapa hujikunja na kubanwa. Ingiza vali kwanza, kisha tyubu yote, halafu anza kurudisha tairi upande ulio mbali na vali, ukimalizia kwenye vali. Sentimita 10 za mwisho ndizo ngumu. Usikimbilie kijiti, hapo ndipo tyubu mpya hutobolewa na mwenyewe. Rudi kwenye bonde la rimu, sukuma tena kingo zikae katikati, kisha viringisha sehemu ya mwisho kwa viganja. Ikiingia, sukuma vali juu kidogo na uirudishe, tyubu iliyonaswa chini yake ijinasue.

Angalia pande zote kama tyubu inachungulia chini ya ukingo wa tairi. Ikibanwa hapo italipuka kama fataki ukishapampu.

Pampu ndogo ya mkono itakudai mapigo 150 au zaidi. Shika vali na kichwa cha pampu kwa pamoja, kidole gumba kikiegemea spoku, visicheze. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, tairi la 25 linataka takriban psi (kipimo cha msukumo wa hewa) 80 mbele na 85 nyuma; la 28, takriban 65 na 70. Rimu zisizo na ndoano ya ndani ya kushika ukingo wa tairi (hookless) zisizidi psi 72. Kompresa ya kituo cha mafuta iguse kwa vipindi vifupi sana, kwa sababu tyubu ya mbio ina nafasi ndogo na inajaa kabla hujahesabu tatu.

Tyubu zikiisha

Ziba. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, na ule mstari ulioinuka wa kiwandani uulaze kabisa, maana hewa hupenya kando yake. Paka gundi nyembamba, subiri dakika 5 mpaka iache kung'aa, usiiguse kwa kidole. Viraka vingi hubanduka kwa sababu vilibandikwa gundi ikiwa mbichi. Kandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda nje.

Fundi wa kando ya njia atakufanyia vilevile kwa kiraka alichokata kwenye tyubu kuukuu. Kinashika vizuri, ila kikiwa kinene kitafanya uvimbe kwenye tairi jembamba. Mwambie: "Fundi, kata kidogo, na kingo uzikwaruze ziwe nyembamba." Ataelewa.

Tyubu iliyozibwa usiirudishe mfukoni siku hiyohiyo. Itie hewa, itundike usiku kucha, na ikilegea asubuhi izamishe kwenye ndoo ya maji utafute mapovu.