Kabla daraja la kijijini halijabomolewa: jinsi ya kukagua viumbe na maji yaliyo chini yake

Madaraja mengi ninayoitwa kukagua yanafanana: nguzo zimeliwa na maji, mbao zimeoza, na barua ya kazi inasema "kujenga upya mahali palepale". Maneno hayo huwapumbaza watu. Wanaona kwamba daraja lilikuwepo na mto umeshalizoea, basi tathmini ya mazingira ni fomu ya kujaza tu. Kumbe daraja lililosimama miaka arobaini limeshakuwa sehemu ya mto. Popo wameingia kwenye nyufa, maji yamechimba kidimbwi ambamo samaki hukimbilia wakati wa kiangazi, na akina mama wamepata pa kufulia. Ukilibomoa, unayabomoa na hayo. Kwa hiyo mimi huanzia chini ya daraja la zamani, na huanza kabla mhandisi hajamaliza michoro. Michoro ikishapita na mkandarasi akishapatikana, utakachoandika kitasomwa kama kero.

Mifano yangu inatoka kwenye mito inayoshuka kutoka Milima ya Udzungwa kwenda Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Bonde hilo ni ardhioevu iliyoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Humo pia ndimo unamotiririka mto Kihansi. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 tu, zilizoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua, na ugonjwa wa kuvu nao ukaingia. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa wanafugwa Marekani, na kuwarudisha korongoni kulianza mwaka 2012. Daraja lako si bwawa la umeme, lakini kosa la kutafuta viumbe baada ya kuanza kujenga ni lilelile.

Hatua ya 1: Anza mezani

Fungua picha za satelaiti, weka alama ya daraja, kisha jibu maswali manne. Je, liko ndani au karibu na hifadhi? Liko kwenye bonde gani kati ya mabonde 9 ya maji ya Tanzania? (Kilombero iko Bonde la Rufiji, kwa hiyo utazungumza na bodi ya maji ya bonde hilo.) Mto ukishalipita daraja, kuna banio la umwagiliaji, kisima au chanzo cha bomba la kijiji? Na mradi unaingia kundi gani kwenye kanuni za tathmini ya mazingira zilizorekebishwa mwaka 2018: A, B1, B2, au kundi maalumu? Kundi ndilo litakalokuambia ripoti iwe nene kiasi gani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Daraja lenyewe halina pa kwenda, lakini kambi, tangi la dizeli na karakana vina pa kwenda. Chora mstari wa mita 60 kwenye ramani siku hiyohiyo.

Kisha andika orodha ya viumbe unaowatarajia. Kwa Kilombero, orodha yangu huwa na sheshe (aina ya swala), kiboko, mamba, fisi maji, mbega mwekundu wa Udzungwa pale msitu unapogusa mto, na miti kama mvule na mkangazi. Tumia Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kujua nani yuko hatarini kutoweka, lakini usiichanganye na sheria. Kinachomlinda mnyama hapa nchini ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kiumbe anaweza kuwa hatarini kwa IUCN na asitajwe kwenye jedwali lolote la sheria. Waandike wote, ukionyesha nani analindwa na nini.

Hatua ya 2: Weka mipaka ya eneo

Mimi hutembea mita 500 kwenda juu ya daraja na kilomita 1 kwenda chini, kwa sababu tope huteremka. Ongeza mahali ambapo watu wengi husahau: njia ya mchepuko ya magari, machimbo ya moramu na mchanga, na kambi ya mafundi. Mara nyingi mchepuko huumiza mto kuliko daraja lenyewe, kwani hukatiza kwenye ukingo ambao haujawahi kuguswa.

Hatua ya 3: Keti na wenyeji kwanza

Ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha omba ukutane na wavuvi, wafugaji, wenye majaruba ya mpunga na jumuiya ya watumia maji. Zungumza na akina mama peke yao. Mbele ya wanaume watasema "hakuna shida". Usianze na karatasi. Ukishawaamkia wazee shikamoo, uliza maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa, ng'ombe wanateremkia wapi, samaki kama kambale na ndungu wanapanda lini, na mti gani hapa haukatwi. Swali hilo la mwisho limenionyesha mahali pa matambiko mara mbili, na penyewe hapamo kwenye ramani yoyote.

Beba picha za wanyama. Mtu anaweza kusema "hakuna fisi maji hapa" kwa kuwa kwao ana jina jingine.

Hatua ya 4: Ingia chini ya daraja

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pote, na hapa ndipo nilipokosea.

Miaka ya nyuma nilikagua daraja moja la zege mwezi Agosti, mchana, nikaandika kwamba hakuna popo. Nilirudi Februari kwa kazi nyingine, jua likizama, nikaona wanatoka kwenye maungio ya zege kama moshi. Daraja lilishapangiwa kubomolewa mwezi uliofuata, na ripoti yenye sahihi yangu ndiyo iliyoruhusu. Tuliomba kazi isogezwe, ikasogezwa kwa shida. Tangu siku hiyo sikubali ziara moja. Nenda mara mbili: mara moja mwishoni mwa kiangazi, mara moja mvua zikiwa zimeshika.

Mchana angalia yafuatayo:

- Nyufa na maungio. Kinyesi cha popo ni vipande vidogo vyeusi kama punje za mchele, na ukikibonyeza kwa kijiti huvunjika kuwa unga. Tafuta pia madoa ya mafuta kwenye mdomo wa ufa.
- Viota vya matope vya mbayuwayu chini ya sakafu ya daraja. Andika vyenye ndege na vilivyo vitupu, kila kimoja mbali.
- Mawe makubwa ya ukingoni. Fisi maji hurudia palepale kuacha kinyesi chenye vipande vya magamba ya kaa. Nguchiro wa majini naye hula kaa, kwa hiyo usitoe hukumu kabla hujaona nyayo.
- Mizinga ya nyuki. Nyuki hupenda madaraja ya zamani. Mtafute mrina asali wa kijiji mapema.

Jioni simama mahali ambapo anga liko nyuma ya daraja, anza kuhesabu popo jua linapozama, na uendelee kwa saa moja. Baada ya hapo sikiliza vyura kwa dakika kumi na tano tochi ikiwa imezimwa, urekodi sauti kwa simu. Mtaalamu anaweza kuzitambua hata akiwa Dar es Salaam.

Usimshike mnyama yeyote. Kukamata mnyamapori kunahitaji kibali, na popo wanaweza kubeba magonjwa. Vaa barakoa ukiwa chini ya nyufa, vaa gambuti kwa ajili ya kichocho, na kwenye mto wenye mamba au kiboko usiingie bila mwenyeji na usikae ukingoni usiku.

Hatua ya 5: Pima mto

Huhitaji maabara kuanza. Kwa kasi ya maji, chungwa linatosha. Pima mita 20 zilizonyooka, dondosha chungwa katikati, hesabu sekunde, rudia mara tano. Likitumia sekunde 40, kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya chini huenda polepole, upate 0.425. Mto ukiwa na upana wa mita 8 na kina cha wastani cha mita 0.5, unapitisha kama mita za ujazo 1.7 kwa sekunde. Namba hiyo ya kiangazi ndiyo itakayomwambia mhandisi ukubwa wa mkondo unaopaswa kubaki wazi wakati wa ujenzi.

Pima tope, pH (kipimo cha asidi) na oksijeni sehemu tatu: mto kabla haujafika darajani, ukishalipita, na mahali pa kwanza watu wanapoteka maji. Bila vipimo vya kabla, mkandarasi na kijiji watabishana tope lilitoka wapi, na kijiji kitashindwa.

Kisha geuza mawe. Vidudu bapa vyenye mikia mitatu vinavyong'ang'ania jiwe havivumilii maji machafu. Ukikuta minyoo myekundu tu, mto umeshaumwa kabla yako. Tanzania ina mfumo wake wa kuupa mto alama kwa wadudu hawa, unaoitwa TARISS.

Hatua ya 6: Geuza matokeo kuwa masharti

"Mkandarasi azingatie mazingira" ni sentensi isiyomzuia mtu kufanya lolote. Andika kitu ambacho fundi anaweza kukifanya na msimamizi kukikagua. Haya ndiyo niliyoyaandika mara nyingi:

Kazi za ndani ya mto zifanyike kati ya Julai na Oktoba. Mifuko ya mchanga izibe nusu moja ya mto, nusu nyingine ibaki wazi. Saruji mbichi isiguse maji yanayotembea, kwani hupandisha pH ghafla na kuua samaki. Ikiwa daraja litakuwa boksi kalavati, yaani mfereji wa zege wa umbo la sanduku, sakafu yake izame sentimita 30 chini ya kitanda cha mto, ili changarawe irudi na samaki wapande. Sakafu iliyoachwa juu hugeuka kizingiti. Pembeni ibaki njia kavu ambayo mnyama anaweza kupita bila kupanda barabarani. Nyufa za popo zizibwe usiku wakiwa nje, nje ya msimu wa kulea watoto, na maficho mapya yawe tayari kabla. Mkangazi mkubwa wa ukingoni usikatwe kwa sababu ya mchepuko: sogeza mchepuko.

Kila sharti liwe na bei kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na gharama za mradi. Lisilo na bei halitekelezwi.

Hatua ya 7: Vibali

Sajili mradi kwa mamlaka ya mazingira, na zungumza na bodi ya maji ya bonde kabla ya kuchepusha mkondo au kuvuta maji ya kuchanganyia zege. Ombi la maji ndilo husahaulika zaidi.

Hatua ya 8: Siku ya kubomoa

Fika alfajiri, kabla ya mafundi. Pita chini ya daraja na tochi, ufa kwa ufa, kiota kwa kiota, ukishika orodha uliyoiandika miezi iliyopita. Ukikuta viumbe wamerudi, mpigie mhandisi mshauri papo hapo, na usiondoke mpaka uhakikishe mashine haijawashwa.