Jinsi ya kumsoma David Walker mpaka umwelewe

Wengi wakitaka kumjua mtu wanaanza na wasifu, kazaliwa wapi kafa lini. Kwa David Walker, Mmarekani mweusi aliyeandika kupinga utumwa, usifanye hivyo, maana maisha yake hayakuacha makaratasi mengi, hata mwaka aliozaliwa wanahistoria bado wanabishana. We anza na kijitabu chake mwenyewe cha kupinga utumwa, Appeal (yaani Wito), alichokitoa Boston, Marekani, 1829. Kipo bure intaneti na hakifiki kurasa 100. Tafuta toleo la tatu, la 1830, ndo la mwisho alilolirekebisha mwenyewe.

Alafu usikisome kimyakimya. Soma kwa sauti, ikiwezekana muwe wawili watatu mnapokezana. Walker alijua kabisa watumwa wengi hawajui kusoma, kwa hiyo aliandika ili anayejua awasomee wenzake, ndo maana utakuta alama za mshangao zimejaa, herufi kubwa, mpaka vidole vimechorwa kuonyesha mstari wa kukazia. Ukiangalia tu zinachosha, ukitamka unasikia mtu anahubiri kwa uchungu.

Ukifika anapomjibu Thomas Jefferson, simama. Huyu alikuwa rais wa Marekani na alimiliki watumwa, na kwenye kitabu chake aliandika kwamba anashuku weusi wana akili pungufu kuliko weupe. Walker anawaambia weusi wenzake wakinunue hicho kitabu cha Jefferson wawape watoto wao wa kiume, wajibu wenyewe, wasingoje wazungu wema wawajibie. Parudie hapo, kwangu mimi ndo moyo wa kijitabu chote cha Walker.

Ukimaliza ndo urudi kwenye maisha yake. Mama huru, baba mtumwa, na kwa sheria ya kule mtoto alifuata hali ya mama, kwa hiyo alizaliwa huru Wilmington, North Carolina, huku watu wa damu yake wanamilikiwa. Boston akawa na duka la mitumba na mabaharia walikuwa wateja wake, hili duka usilipite haraka maana mabaharia haohao ndo walimbebea kijitabu mpaka Kusini, kwenye majimbo ya utumwa. Desemba 1829 polisi wa Savannah, Georgia, wakakamata nakala 60. Fungua ramani ufuate pwani toka Boston mpaka Savannah uone umbali wenyewe. Wenye watumwa wakapaniki, Georgia ikatunga sheria kali fasta, na North Carolina 1830 ikapiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Zitafute hizo sheria uzisome pembeni ya kijitabu.

Kuhusu kifo uwe makini. Alifariki Agosti 1830 na uvumi wa sumu ulianza zamani sana, ila kumbukumbu za Boston zinasema kifua kikuu, na binti yake mdogo alikufa kwa ugonjwa huohuo siku chache kabla. Ukimsimulia mtu mwambie yote mawili, usiuze sumu kama ukweli.

Baada ya hapo nenda kwa Maria W. Stewart, mwanamke mweusi wa Boston hapohapo aliyemtaja Walker kwa heshima kubwa kwenye maandishi yake. Anza na hotuba aliyoitoa Franklin Hall, Septemba 1832.