Kutayarisha Wi-Fi ya Kuongozea Taa za Jukwaani na za Filamu

Taa zinapaswa kuwa na ruta yake pekee, isiyounganishwa na intaneti, kwani ukitegemea Wi-Fi ya ukumbi, watazamaji wakishaingia na simu zao taa zitaanza kuchelewa kuitikia. Ifunge ruta juu ya vichwa vya watu, kwenye stendi au bomba la taa, kwa sababu miili hunyonya mawimbi. Tumia gigahezi 5 iwapo vifaa vyote vinaipokea. La sivyo, baki kwenye 2.4 na uchague mwenyewe chaneli 1, 6 au 11, maana ruta iliyoachiwa uamuzi huo inaweza kuhama katikati ya onyesho.

Kisha kipe kila kifaa anwani ya IP ya kudumu. Kwa Art-Net, yaani mfumo wa kupitisha amri za taa kwenye mtandao, tableti yenye programu ya taa inaweza kuwa 2.0.0.10 na kigeuzi kinachotoa DMX (ishara ambazo taa huzifuata) kikawa 2.0.0.20, maski ya sabneti (namba inayoonyesha anwani zipi ni za mtandao mmoja) ikiwa 255.0.0.0 kwa vyote viwili.

Jambo linalopuuzwa mno, nionavyo, ni namna data inavyotumwa. Ielekeze moja kwa moja kwenye anwani ya kigeuzi badala ya kuitangazia mtandao mzima, kwa kuwa Wi-Fi hupeleka matangazo ya jumla kwa kasi ndogo na bila kuthibitisha kwamba yamepokelewa, na ndiyo sababu taa inayofifishwa polepole huonekana ikirukaruka.

Taa isipoitikia kabisa, kagua namba ya yunivasi, yaani kundi la amri za DMX ambalo taa hiyo imo: Art-Net huanza kuhesabu kwenye 0, ilhali sACN, mfumo mwingine wa aina hiyo, huanzia 1.