Jinsi ya kuamsha nyimbo zilizolala kitabuni

Walimu wa kwaya wenzangu, tuseme ukweli, kitabu kina mamia ya nyimbo ila mwaka mzima tunazunguka na zilezile chache. Mi huwa nafanya hivi.

Kwanza kinanda kiache. Soma beti kwa sauti kama unaongea, halafu rudia ukipiga makofi kwenye mapigo mazito ya tyuni, yaani sauti ya wimbo. Nyimbo zetu nyingi ni tafsiri, kwahiyo mizani zinatosha lakini mkazo unaangukia pabaya. Chukua Yesu kwetu ni rafiki, mstari wa kwanza umekaa poa kabisa, ye, kwe, fi zote zipo kwenye pigo, sasa njoo wa pili, "hwambiwa haja pia", pigo linaangukia hwa, wa, ja, a, yaani hakuna hata neno moja hapo tunalolitamka hivyo tukiongea! Huo tumeuzoea toka sande skuli ndo maana hatusikii, ila wimbo mgeni wenye shida hiyohiyo waumini watauburuza mpaka mchungaji aangalie saa.

So anza na nyimbo zilizotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Njoo kwetu Roho mwema wa Wilson Niwagila, Mtanzania mwenzetu, Walutheri wa Marekani wameuweka kwenye kitabu chao cha 2006 kwa Kiingereza, na huku kwetu kuna sharika Pentekoste inakuja inapita hawajaugusa. Inauma kidogo.

Ukishachagua angalia ki, yaani wimbo unaanzia juu au chini kiasi gani. Kama kitabu kimesema doh (noti ya kwanza ya ngazi) ni G na tyuni inapanda mpaka la (noti ya sita), hiyo ni E ya juu, wababa wa benchi la nyuma wataishia kufungua mdomo tu, wewe shusha doh iwe F au hata E flati.

Kwenye kupanga sauti ndo watu wanaharakisha. Jumapili ya kwanza kwaya iimbe wakati wa sadaka watu wasikie tu, inayofuata ndo usharika uingie. Beti la kwanza soprano peke yao bila chombo, la pili wote sauti moja huku besi wanashika doh kwa mmm mwanzo mpaka mwisho (jaribu kwenye jengo lenye mwangwi utanishukuru), sauti nne zisubiri beti la tatu. Likiwepo la nne tyuni wape watu wa tenori, alto na besi wabaki na zao, soprano wapande juu na haleluya tu. Na tafadhali ile biti ya kinanda usiibonyeze, inakula maneno yote, ngoma moja na kayamba vinatosha.

Kabla ya mazoezi rekodi kila sauti kwa simu utume kwenye grupu la WhatsApp, ila alto watumie ya kwao pembeni, maana wakisikia zote wanakuja wameshika soprano.