Moshi wa daiathemi: ufyonze pale pale unapotoka

Siku zangu za mwanzo thieta, yaani chumba cha upasuaji, nikirudi nyumbani Wete mama mkwe hunusa mtandio wangu akaniuliza, "Leo mmechoma mishakiki huko kazini?" Nikicheka tu. Harufu ilikuwa ya nyama kweli, lakini ya mgonjwa.

Daiathemi, kile kifaa cha umeme cha kukatia na kuunguzia nyama, ikigusa nyama, seli hupasuka kwa moto. Asilimia 95 ya moshi unaotoka ni mvuke wa maji. Hiyo 5 iliyobaki ina masizi, kemikali kama benzini, na vipande vya seli na virusi. Mwaka 1991 iliandikwa habari ya daktari wa Norwei wa miaka 44 aliyeota vinyama kooni baada ya kuwachoma wagonjwa chunjua za sehemu za siri kwa leza. Virusi vilivyokutwa kooni ni HPV, yaani virusi vya chunjua, wa aina zilezile za chunjua hizo. Kwa hiyo kesi za chunjua na za shingo ya kizazi ndizo ninazozihofia zaidi. Homa ya ini B nayo imepimwa ikaonekana kwenye moshi. Kuonekana si lazima kuambukiza, lakini kama hujamaliza sindano zako tatu za chanjo, kamalize.

Sasa kazi. Mgonjwa hajaletwa, andaa mipira miwili ya sakshen, yaani ya kufyonzea: mmoja wa damu, mmoja wa moshi. Mkiwa na mashine maalumu ya kufyonza moshi, alhamdulillahi, iwasheni. Kama hamna, sakshen ya ukutani inafaa kwa moshi mdogo tu, tena iwe na kichujio kati ya chupa na ukuta. Kikirowa, kibadilishe.

Mdomo wa mpira usipite sentimita 5 kutoka pale panapounguzwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanauweka pembeni ya shuka, kisha wanausahau. Msaidizi aifuate ncha ya daiathemi kama anayemshikia mzee mwavuli. Mzee akisogea, naye asogee. Na moto usizidi haja. Mimi husema, "Dokta, samahani, tushushe kidogo?" Wengi hawakatai. Ncha ikishika masizi, isafishe, maana masizi yenyewe huungua yakaongeza moshi.

Upasuaji wa kamera una mtego wake: mwisho wa kesi, gesi iliyojazwa tumboni isiachiwe ovyo usoni mwenu. Itolewe kwa mpira wenye kichujio.

Kuhusu barakoa, ile ya kawaida ya thieta imetengenezwa kuzuia mate yako yasimwangukie mgonjwa. Chembe za moshi wa daiathemi zina wastani wa maikroni 0.07, zinapita mashavuni bila hodi. Vaa N95, barakoa inayobana uso na kuchuja chembe ndogo. Sisi wa ushungi, ukingo wa N95 ulale juu ya ngozi, sio juu ya kitambaa. Vuta ushungi nyuma kwanza, vaa N95, halafu kofia. Na nyinyi kaka zangu wenye ndevu, N95 juu ya ndevu haizibi. Simwambii mtu anyoe, ila basi asiuache mpira wa moshi hata dakika moja.

Kiyoyozi cha ukutani kisikudanganye: kinapoza hewa ileile na kuirudisha.

Kesi ikiisha, usivue glavu kwanza. Toa kichujio na mpira wa moshi, vitie kwenye ndoo ya taka za maambukizi, ndipo uvue na unawe.