Namna ya Kujipatia Kipato kwa Kuandikia Kampuni za Maudhui Mtandaoni Ukiwa Moshi au Arusha

Kazi ninayoieleza hapa nimeifanya kwa miaka sita nikiwa Moshi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga huko Majengo. Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika Kiingereza au Kiswahili vizuri, mwenye kompyuta mpakato na bando la kutosha, lakini ambaye hajui aanzie wapi. Kampuni za maudhui hupokea oda za makala kutoka kwa wenye tovuti, kisha huzigawa kwa waandishi wa kujitegemea walioko nchi mbalimbali. Mwandishi hulipwa kwa neno au kwa makala. Mara nyingi hutaulizwa una shahada gani, kwa kuwa mhariri anachotaka kuona kwanza ni sampuli za maandishi yako.

Hatua ya kwanza: Chagua somo unaloweza kulihakiki mwenyewe

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko hatua nyingine, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea, na mimi nilipotea hapa. Katika miezi yangu ya kwanza nilikubali kila oda iliyokuja: bima za magari za Marekani, magodoro, mapambo ya harusi za Ulaya. Sikuwahi kukata bima Marekani, kwa hiyo nilikuwa nikisoma kurasa tano za watu wengine na kuziandika upya kwa maneno yangu. Mhariri mmoja alinirudishia makala akisema kwamba sentensi hazina kosa, ila hakuna jambo hata moja ambalo msomaji asingelipata kwingine. Maneno hayo yaliniuma, lakini yalikuwa ya kweli.

Baadaye ikaja oda kuhusu njia za kupanda Mlima Kilimanjaro. Nilipanda gari hadi Marangu, nikaketi na wapagazi waliokuwa wameshuka siku hiyo, nikawauliza wageni hukosea nini katika kufunga mizigo na ni siku ipi huwachosha zaidi. Niliporudi kulinganisha na kurasa zilizokwisha kuchapishwa, nikakuta ukurasa mmoja ukidai kwamba njia zote zina vibanda vya kulala. Njia yenye vibanda ni Marangu peke yake, navyo ni Mandara, Horombo na Kibo. Anayepita Machame, Lemosho, Umbwe au Rongai hulala katika hema. Makala hiyo ilipokelewa bila marekebisho, na mteja akaniomba nyingine nne.

Sababu ya wateja kutaka maandishi ya namna hiyo inajulikana. Mwezi Desemba 2022 kampuni ya Google iliongeza kipengele cha uzoefu katika mwongozo wa watu wanaotathmini ubora wa matokeo yake ya utafutaji, juu ya vipengele vya awali vya utaalamu, mamlaka na uaminifu. Tangu hapo mwenye tovuti ana sababu nzuri ya kumtafuta mtu aliyeona kitu kwa macho yake.

Sikushauri ung'ang'anie mlima tu, maana wanaouandika ni wengi. Mwandishi wa Moshi anaweza kueleza kahawa ya arabika tangu inapochumwa hadi inapomenywa na kuanikwa, pamoja na historia ya KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Anaweza kueleza kihamba cha Wachagga, ambamo migomba, kahawa na miti mirefu hukua pamoja, au namna mbege inavyopikwa kwa ndizi na ulezi. Aliyeko Arusha ana madalali wa tanzanaiti karibu naye. Madini hayo huchimbwa Mererani, wilayani Simanjiro, na tovuti za vito huhitaji mtu anayefahamu namna yanavyopangwa kwa madaraja. Arusha pia ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa hiyo mwenye taaluma ya sheria au biashara asione kwamba utalii ndio mlango pekee.

Hatua ya pili: Andaa sampuli tatu

Andika makala tatu za maneno 800 hivi kila moja, zote katika somo moja ulilochagua. Mpe mtu mkali azisome, mwalimu wa lugha kwa mfano, kisha uzihifadhi mahali ambapo mhariri atazifungua kwa kiungo kimoja bila kuombwa nywila. Sampuli ya nne haitakuongezea kitu.

Hatua ya tatu: Fungua akaunti kwa jina lako halisi

Jina lililo katika akaunti ya jukwaa la kazi, yaani tovuti inayowakutanisha waandishi na wateja, katika kitambulisho cha NIDA na katika akaunti ya benki liwe moja, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia inaweza kuzuia malipo wakati wa uhakiki. Ukifanya kazi na kampuni ya Marekani, huenda ukatakiwa kujaza fomu ya W-8BEN, ambayo humthibitisha mtu binafsi kuwa si raia wala mkazi wa Marekani kwa madhumuni ya kodi. Ijaze kwa utulivu, wala usiiogope.

Katika makundi ya WhatsApp utakutana na watu wanaouza au kukodisha akaunti zilizokwisha kupata sifa. Usinunue. Jukwaa likigundua, akaunti hufungwa pamoja na fedha zilizomo, na huna pa kulalamika kwa kuwa jina si lako. Vilevile kampuni inayokutaka ulipe ada ya usajili au ya mafunzo kabla ya kukupa kazi iache. Mwajiri wa kweli hamtozi mwandishi ili amwajiri.

Hatua ya nne: Piga hesabu kabla ya kukubali bei

Chukua mfano wa makala ya maneno 800 kwa senti 3 za dola kwa neno. Jumla ni dola 24. Tuseme jukwaa linakata asilimia 10. Zinabaki dola 21.60, na bado hujalipa gharama za kuhamisha fedha. Ukitumia saa sita kutafiti, kuandika na kusahihisha, umelipwa dola 3.60 kwa saa. Ukiandika somo unalolijua kiasi cha kumaliza kwa saa tatu, malipo yako kwa saa yamekuwa maradufu bila mteja kuongeza hata senti. Ndiyo maana hatua ya kwanza ina uzito wake katika mfuko pia.

Hatua ya tano: Soma maelekezo mara mbili, kisha tafsiri saa

Maelekezo ya mteja hutaja idadi ya maneno, maneno ya utafutaji (yale ambayo watu huyaandika Google wanapotafuta jambo) yanayopaswa kuwamo, tahajia ya Uingereza au ya Marekani, na muda wa kuwasilisha. Jambo la muda limewagharimu watu wengi kazi. Saa 11 jioni ya New York ni saa 6 usiku kwetu katika miezi ya kiangazi chao, lakini ni saa 7 usiku katika majira yao ya baridi, kwa sababu Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali sisi hatubadilishi. Mimi niliwahi kuchelewesha makala kwa kusoma saa ya Kiingereza kana kwamba ni ya Kiswahili: palipoandikwa 3 p.m. kwa saa za Afrika Mashariki nikasoma saa tatu usiku, kumbe ni saa tisa alasiri ya siku hiyohiyo. Siku hizi naandika muda wa Moshi kwenye karatasi ukutani mara tu ninapopokea oda, na najiwekea mwisho wangu unaotangulia ule wa mteja kwa muda wa saa nne, ili umeme ukikatika niwe bado na nafasi ya kutafuta mahali penye jenereta.

Hatua ya sita: Andika, kisha hakiki kila jina na kila tarakimu

Anza na jibu la swali lililomleta msomaji, halafu ndipo ueleze. Ukishamaliza, pitia makala mara moja kwa ajili ya ukweli peke yake: urefu, miaka, bei, majina ya mahali. Programu za akili mnemba zinaweza kukusaidia kupanga mawazo endapo mteja anaruhusu, lakini hutaja mambo yasiyokuwapo kwa lugha ya kujiamini sana, na kosa hilo litahesabiwa kuwa lako. Mteja akikataza, usizitumie hata kwa aya moja.

Hatua ya saba: Fuatilia malipo

Kwa mteja mpya anayelipa bei moja iliyokubaliwa kwa kazi nzima, usianze mpaka jukwaa lionyeshe kwamba fedha zimeshawekwa na kushikiliwa. Kwa mteja wa nje ya jukwaa, omba nusu kwanza. Mimi niliwahi kupoteza malipo ya makala saba kwa kampuni iliyoacha kujibu barua pepe. Kosa langu lilikuwa kuandika ya pili kabla ya kulipwa ya kwanza. Tuma ankara siku hiyohiyo makala inapokubaliwa, ikiwa na tarehe, idadi ya maneno, bei na njia ya kulipia, na ukumbushe kwa upole siku inayofuata tarehe ya malipo mliyokubaliana.

Fungua daftari la mapato tangu dola ya kwanza, uandike pia kiwango cha kubadilishia fedha cha siku hiyo, kisha uende ofisi ya TRA ukachukue namba ya TIN, ambayo hutolewa bila malipo. Nenda na daftari hilo, ili afisa akueleze wajibu wako wa kodi kwa kuangalia mapato yenyewe.